Sentimita Nne

Tak.

Ilikuwa saa ya kwenye korido, ile inayowasha hita ya injini. Nilikuwa nimelala macho wazi gizani nikiisubiri. Kila alfajiri saa kumi na moja hulia mara moja tu, kama mtu anayeng'ata kucha, na hapo najua kwamba huko nje, chini ya theluji, gari langu limeanza kupashwa moto. Nikalivuta blanketi hadi mabegani mwa Tiril, binti yangu wa miaka mitano, ambaye kila usiku huhamia kitandani kwangu bila kuomba ruhusa, nikahesabu siku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi ndiyo siku ya mtihani.

Taa iliwaka Jumatatu hiyo hiyo. Tulikuwa tumevuka daraja, pale barabara inaponyooka kuelekea nyumba ya wazee ninakofanya kazi, jirani na chekechea ya Tiril. Picha ndogo ya njano ikatokea kwenye dashibodi: gari linaloacha mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake.

"Mama," Tiril akasema kutoka kiti cha nyuma, "gari lina minyoo."

Taa hiyo ninaijua. Ni ya ule mfumo unaozuia matairi yasizunguke ovyo kwenye barafu. Kwa kawaida hupepesa mara mbili tatu gari likiteleza, halafu hutulia. Siku hiyo lami ilikuwa kavu, nyeupe kwa chumvi, wala hatukuteleza hata unywele. Taa ikawaka ikakaa. Nilipofika kwenye kilima cha shule nikakanyaga mafuta, na gari likawa kama ng'ombe aliyekataa kamba. Linanguruma, haliendi.

Pengine nieleze kwa nini moyo ulinidunda. Kwa miaka miwili nimesoma masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, Tiril akilala juu ya viti vitatu vilivyounganishwa nyuma ya darasa, na mwalimu akishusha sauti kila afikapo upande ule. Mtihani wa nadharia wa wahudumu wa afya ulikuwa unafanyikia Heimvika, ng'ambo ya mlima, saa tatu asubuhi. Ukiukosa, unasubiri hadi mwezi wa tano. Msimamizi wetu kazini alikuwa ameniwekea nafasi ya kudumu hadi Krismasi. Mwezi wa tano asingekuwa nayo tena.

Na mlima wetu wakati wa baridi haupandwi kiholela. Upepo ukichachamaa, mageti hufungwa pande zote mbili, na magari hupanda kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji, moja nyuma ya jingine, taa kwa taa. Gari moja likikwama katikati, wote wamekwama. Basi nalo hufika Heimvika saa sita mchana, wenzangu wakiwa wameshakabidhi karatasi.

Jioni nilimgongea Eilert, jirani wa mlango wa pili. Alikuwa fundi wa injini za feri kwa miaka thelathini na nane, na katika jengo letu hakuna anayekaza hata bawaba ya kabati bila kumuuliza.

"Chumvi," alisema kabla sijamaliza. "Wamemwaga chumvi barabarani, chumvi imekula waya. Taa hizo, binti yangu, ni kama shemeji yangu. Zinalalamika hata chakula kikiwa kizuri."

"Lakini linakosa nguvu, jirani. Nakanyaga mafuta, linaniangalia tu."

"Kuna kitufe cha kuuzima huo mfumo."

"Nimekibonyeza. Nikifika mwendo wa hamsini unajiwasha wenyewe."

"Basi bandika utepe juu ya taa." Akafikiri kidogo. "Mweusi, ule wa umeme. Usije ukabandika ule wa zawadi."

Nilicheka, lakini sikubandika kitu. Mwalimu wetu wa jioni ana neno lake: kabla hujamgusa mgonjwa, mtazame, kabla hujasema, andika. Nikatoa daftari, na Jumanne kutwa nikaliandikia gari langu kama ninavyowaandikia wazee. Mjini taa haiwaki. Huwaka baada ya daraja, kati ya dakika ya nne na ya sita. Injini ikizimwa na kuwashwa tena hupotea, kisha hurudi palepale. Kwenye mashimo hakuna tofauti. Palipolowa na palipo pakavu hakuna tofauti.

Nililisoma lile daftari nikikoroga uji wa Tiril, na badala ya hofu nikaanza kuona hamu. Waya ulioliwa na chumvi ungesumbua popote, hasa kwenye mashimo. Taa hii ilikuwa na nidhamu. Ilikuja kwa wakati kama mtu wa kazi. Kitu chenye nidhamu namna hiyo kina sababu, nikajiambia, na sababu hutafutika.

Jumatano asubuhi nilipitia kwa Vigdis, fundi wa gereji iliyo karibu na bandari. Alikuwa na magari tisa kwenye foleni na sandwichi mdomoni.

"Nafasi Ijumaa," alisema.

"Mtihani wangu ni kesho."

Akanitazama, akamtazama Tiril aliyevaa kofia mbili, akaichomeka mashine yake ya kusoma hitilafu chini ya usukani. Alisoma huku akitafuna.

"Inasema magurudumu ya mbele yanazunguka kupita ya nyuma. Imeandika hivyo mara kumi na nne tangu Jumatatu."

"Yanateleza?"

"Gari linaamini yanateleza. Injini yako inavuta magurudumu ya mbele. Yakienda mbio kuliko ya nyuma, kompyuta inadhani uko kwenye barafu, inakunyang'anya nguvu."

"Na sensa zinazohesabu mizunguko?"

"Zote nne nzima. Zinaongea kama redio." Akachomoa mashine. "Ajabu, eh? Hakuna anayedanganya, na bado kuna kosa. Njoo Ijumaa, nitakuwa na hamu ya kujua."

Siku nzima kazini maneno hayo yalinizunguka. Hakuna anayedanganya, na bado kuna kosa. Saa sita nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bibi mmoja ambaye miguu yake huvimba, nikipitisha utepe wa kupimia kwenye shavu la mguu wa kushoto, kisha la wa kulia. Tunapima yote miwili kila siku, kwa sababu jicho linazoea. Mguu mmoja hauna habari. Habari iko kwenye tofauti.

"Mbona umeganda, Ingvill?" bibi akaniuliza. "Umeona nini mguuni mwangu?"

"Gari langu," nikamjibu.

"Loo! Basi mguu umevimba kweli."

Nilitoka kazini saa nane mchana na, kama kawaida ya huku wakati wa baridi, mwanga ulikuwa tayari unakwisha. Nyuma ya jengo letu, chini ya taa ya uani, nikaliinua gari kwa jeki, gurudumu moja baada ya jingine. Utepe wangu wa kupimia ulikuwa mfupi, kwa hiyo nilichukua uzi wa sufu uliobaki kwenye soksi ninazofuma. Tiril akashika ncha, nikauzungusha kwenye tairi la mbele, nikaukata pale ulipokutana. Kisha tukaupeleka nyuma.

Ukakutana. Sawasawa, ncha kwa ncha.

Nilikaa juu ya ndoo, nikahisi baridi ikipanda mgongoni. Nilikuwa na hakika, na hakika yangu ilikuwa imepimwa na kukataliwa. Tiril hakujali. Alikuwa amefunga ncha ya uzi kwenye kitasa cha mlango na anavuta.

"Mama, angalia, unakua!"

Nikaangalia. Uzi ule ulirefuka kiganja kizima, ukaachiwa, ukarudi. Sufu! Mimi mwenyewe hufuma soksi kwa sababu sufu hunyumbuka, halafu naichukua kupimia. Kule nyuma niliuvuta hadi ukakutana kwa sababu nilitaka kumaliza. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikakimbilia ndani kuchukua kamba ya kufungia vifurushi, ile ngumu isiyojua kubembelezwa.

Mbele: kamba ikazunguka, nikaikata. Nyuma: kamba ikazunguka, na haikukutana. Pakabaki pengo. Tiril akaingiza vidole vyake vitatu, vikaenea. Nikaweka rula. Sentimita nne.

"Tairi hili ni nene," Tiril akasema.

"Ni kubwa, mwanangu. Tembea na mimi hapa kidogo."

Tukatembea bega kwa bega hadi kwenye mapipa ya taka, nikahesabu. Hatua zangu kumi na mbili, zake ishirini na moja. Njia ni moja, mwendo ni mmoja, lakini mwenye miguu midogo hupiga hatua nyingi zaidi. Magurudumu yangu ya mbele yalikuwa madogo kuliko ya nyuma. Yalizunguka zaidi kwa sababu hiyo tu, na kompyuta, maskini, ikaona hatua nyingi ikapiga kelele kuwa tunateleza. Kwenye mitaa ya mjini tunasimama kila kona, haipati muda wa kuhesabu. Kwenye barabara iliyonyooka hupata.

Nilifuta tope la theluji pembeni mwa tairi la mbele, penye namba za ukubwa wake, nikamshikisha Tiril tochi. Namba anazijua.

"Moja. Nane. Tano."

La nyuma.

"Moja. Tisa. Tano."

Hapo ndipo Jumamosi iliyopita iliponijia, yote kwa pamoja. Kila vuli jengo letu hufanya msaragambo wa matairi. Watu wote huteremka na magari yao uani, wengine wana jeki, wengine wana kahawa, na matairi ya misumari, yale ya kushika barafu, hutolewa kwenye ghala la chini tulikoyapanga tangu masika. Sisi ni watu wa utaratibu. Kila tairi huandikwa kwa chaki mahali pake kwenye gari: kushoto mbele, kulia nyuma, bila kukosea. Lakini hakuna anayeandika jina lake, kwa sababu kila mtu anajua yake ni yapi. Eilert ndiye aliyekuwa akiyaviringisha kutoka ghalani na kuita wenyewe. Na Eilert ana gari kama langu, namna ileile, rimu nyeusi zilezile. Lake limewekewa matairi makubwa kidogo.

Nilitazama dirisha lake. Giza. Jumatano ni siku ya kwaya ya wanaume, na tangu juzi alikuwa akimtangazia kila mtu kwamba akimaliza kuimba ataenda moja kwa moja kwenye kibanda chake cha ufukweni hadi Jumapili. Kule simu hazishiki. Nilimpigia. Ikaita, ikaita, ikakatika. Wakiimba hawapokei.

"Vaa kofia ya pili," nikamwambia Tiril. "Tunaenda kanisani."

Ukumbi wa kanisa, kwaya inakofanyia mazoezi, ulikuwa umewaka taa, na sauti za besi zilitoka ukutani kama injini. Gari la Eilert lilikuwa la kwanza mlangoni, sanduku la vyakula tayari kwenye kiti cha nyuma. Sikuingia. Nitaingiaje katikati ya wimbo kumwambia mtu wa heshima yake kwamba amefunga matairi ya watu? Nilitaka kwanza niwe na hakika isiyonyumbuka. Nikapiga magoti kwenye theluji na kamba yangu. Hapa sikuweza kuinua gari, kwa hiyo nilikumbatia tairi la nyuma kadiri nilivyoweza na kumulika namba. Moja, nane, tano. Langu. Nikambusu Tiril puani, na hapohapo mlango ukafunguliwa, wanaume ishirini wenye tai wakamiminika kwa mapumziko ya kahawa.

"Nani huyo anakumbatia gari langu?" Eilert akaita.

"Ni mimi, jirani. Ingvill."

"Umepoteza kitu?"

"Magurudumu mawili."

Nikaeleza, harakaharaka, na kamba mkononi: pengo, namba, kesho, msafara. Uso wake ukawa mgumu.

"Miaka thelathini na nane nimefunga injini za feri. Sijawahi kufunga kitu mahali pasipo pake."

"Feri haikuwa na magurudumu, Eilert," akasema Hallstein, mwenye sauti nene kuliko wote, mwokaji wa mkate wa mjini. Kicheko kikapanda hadi kwenye mnara.

"Wewe nyamaza, mkate wako wa juzi ulikuwa mbichi katikati."

"Ila ulikuwa mkate wangu mwenyewe."

Nilijua wakiendelea kumcheka hatanisaidia. Nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini, "Jirani, sijaja kukuaibisha. Sote tulikuwepo, na mimi niliyapokea nikayafunga bila kuangalia. Lakini kesho nikikwama mlimani, nyuma yangu kuna watu."

Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kamba."

Alivaa miwani. Akachuchumaa kwa magoti yake mabovu, akasoma namba ya nyuma, akazunguka, akasoma ya mbele. Akarudi akasoma tena ya nyuma. Tiril, ambaye alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha mlango wa dereva, akauliza:

"Mbona gari lako lina plasta?"

Wote tukachungulia. Kwenye dashibodi palikuwa na kipande cha utepe mweusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi.

"Tangu Jumapili," Eilert akasema, bila kumtazama mtu.

"Chumvi," nikamnong'oneza.

Alivua miwani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebeba mzigo na hakujua. "Imekula waya," akasema. "Hallstein! Acha kucheka, lete jeki yako!"

Sijawahi kuona matairi yakibadilishwa hivyo. Watu wa sauti ya kwanza kwenye gari langu, besi kwenye la Eilert, tai zimetupwa mabegani. Mtu mmoja alizunguka na sahani ya wafuli, vikeki bapa vya moto, zenye jibini ya kahawia, akiwalisha wenye mikono michafu. Walibishana juu ya kila nati. Mmoja akaanza kuimba, wengine wakamwambia anaharibu kazi. Magurudumu manne yakavuka ua, mawili huku, mawili kule. Ilipofika kukaza nati za mwisho, Eilert alichukua spana, akaipima mkononi, akanipa mimi.

"Kaza wewe. Macho yako ndiyo yaliyoona."

"Nitakaza, nawe unikague."

"Nitakukagua. Kwa miwani."

Nilikaza. Alikagua. Akapata moja iliyolegea kidogo, na nikaona ilivyomfurahisha, nami nikafurahi kwamba ipo.

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tulivuka daraja, tukachukua barabara iliyonyooka, Tiril akiwa ameinuka kwenye kiti chake hadi mkanda ulipomruhusu. Dakika ya nne. Ya sita. Ya kumi. Dashibodi ilikaa nyeusi na tulivu, na kwenye kilima cha shule nilikanyaga mafuta, gari likapanda kana kwamba halijawahi kuwa na neno na mtu. Nilimwashiria Tiril asishangilie. Niliogopa kuiamsha ile taa.

Alhamisi, saa kumi na mbili unusu, tulikuwa getini chini ya mlima. Upepo ulikuwa unaipeperusha theluji ikipita kwenye taa kama nyuzi. Magari kumi na mawili yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya gari la kusukuma theluji, na mwanamke mwenye koti la kung'aa alikuwa akipita dirisha kwa dirisha. Gari la tatu mbele yetu lilirudishwa. Nikaliona likigeuka taratibu, dereva akipiga usukani kwa kiganja.

Mwanamke yule akagonga kioo changu.

"Mafuta?"

"Tangi limejaa."

"Nguo za joto? Chakula?"

"Vipo. Na chupa ya chai."

Akamulika matairi, akazunguka hadi nyuma, akarudi. "Kona ya tatu ni kioo kitupu leo. Ukisimama pale siwezi kukuvuta, na walio nyuma yako hawawezi kukupita. Gari lina kasoro yoyote? Niambie sasa, si huko juu."

Nilitazama dashibodi. Nilijua kila gurudumu lina mzunguko gani, na kwa nini. Sikumbuki kama niliwahi kumjibu mtu kwa hakika namna hiyo.

"Halina kasoro."

"Unaenda wapi na mtoto hali hii?"

"Yeye kwa bibi yake Heimvika. Mimi mtihanini."

Alitikisa kichwa, akaandika kitu, akaenda kwa aliye nyuma. Nilipasha vidole juu ya hita na kurudia moyoni sura ya uvimbe wa miguu, ambayo nilikuwa naijua kuliko zote. Geti likainuka. Taa ya rangi ya machungwa ya gari la theluji ikaanza kuzunguka, gari la kwanza likaondoka, la pili, la tatu, kila moja likisubiri ishara ya tochi. Mbele yetu taa nyekundu mbili zikasogea, zikayeyuka ndani ya weupe. Tochi ikageuka ikatutazama, na mimi nilikuwa bado nimeshika usukani kama mtu anayeomba.

"Mama," Tiril akasema, "sasa ni zamu yetu."